Mashine ikiingia shambani, pesa inaenda wapi?

Watu wangu, leo tuongee kuhusu mashine za shambani. Najua kuna mtu tayari anataka kukimbia akidhani ni somo la kilimo la darasa la saba. Kaa kidogo. Hii ni stori ya pesa: mashine ikifika kijijini, nani anashiba na nani analala njaa.

Kila msimu wa kulima ukikaribia lazima usikie kiongozi fulani kwenye mkutano akisema jembe limepitwa na wakati, Kenya inahitaji matrekta, tukipata mashine uchumi utapaa. Watu wanapiga makofi. Mimi pia hupiga, kwa sababu nimelima kwa jembe na najua vile mgongo huongea ikifika jioni. Lakini nikishapiga makofi hubaki na swali moja ambalo sijasikia likijibiwa jukwaani. Huo uchumi utakaopaa ni wa nani?

Chukua kaunti mbili za Bonde la Ufa, Uasin Gishu na Kericho. Ukipanda matatu asubuhi Eldoret, chakula cha mchana unakula Kericho mjini. Kule Eldoret trekta ikipita barabarani watoto wanaipungia mkono. Kule Kericho, mwezi wa Mei 2023, watu waliingia kwenye shamba la chai wakachoma moto mashine za kuchuna majani. Polisi wakaja, vurugu zikazuka, na mtu akapoteza maisha. Hawa ni majirani. Wako nchi moja, chini ya serikali moja, na wote ni watu wa shamba. Sasa mbona mashine huku ni baraka na kule ni adui?

Nimelifikiria hilo swali sana, kwa sababu nina watu wangu pande zote mbili. Na msimamo wangu ni huu: mashine inainua uchumi wa mahali ikifanya kazi ambayo mikono haitoshi kuifanya, na pesa inayookolewa ikibaki karibu. Yakikosekana hayo mawili, faida ya kampuni inaweza kupanda huku mji mzima ukizidi kuwa maskini. Hebu nikuonyeshe.

Mvua haingoji mtu

Mjomba wangu anakaa upande wa Moi's Bridge, ana ekari tatu za mahindi. Siku moja nilimuuliza kwa nini kila mwaka analipa trekta na ana vijana wenye nguvu pale nyumbani. Akanijibu, "Mpwa wangu, mvua haingoji mtu." Akaendelea kunywa chai yake, kwa maoni yake alikuwa amemaliza.

Na kweli alikuwa amemaliza. Kule North Rift mahindi hupandwa mara moja kwa mwaka. Mvua inaanza Machi kuelekea Aprili, na mavuno yanakuja kuanzia Oktoba. Ukichelewa kupanda wiki mbili au tatu, umeshapoteza magunia kabla hata mbegu haijaota. Mtu na jembe lake atakaa kwa ekari moja siku nyingi. Trekta yenye plau inaimaliza kwa saa chache, haro inapita, na planta inafuata. Wiki hiyo kila mtu anatayarisha shamba lake, kwa hivyo hata ukiwa na pesa ya vibarua huwapati. Trekta ya pale haijamnyang'anya mtu sahani yake. Imeziba pengo.

Halafu angalia kinachofuata. Shamba likilimwa kwa wakati, mahindi ni mengi. Mahindi yakiwa mengi, kuna kazi ya kupalilia, ya kuvuna, ya kubeba, ya kusafirisha hadi sokoni. Mwenye shela anapata kazi. Kijana wa pikipiki anapata mzigo. Yule mama wa kuuza chapati kando ya shamba naye anauza. Trekta moja mwezi wa tatu inatengeneza vibarua mwezi wa sita na mwezi wa kumi na moja.

Tukishafika kwa shela, hebu tuongee ukweli. Zamani mahindi yaliwekwa kwenye magunia yakapigwa na fimbo mpaka punje zitoke, na aliyekuwa akipiga ni nani? Akina mama na watoto, na hakuna aliyewalipa hata shilingi. Shela ikija, hakuna mshahara uliopotea pale kwa sababu haukuwepo. Kilichopotea ni maumivu ya mikono, na mtoto akapata muda wa kufanya homuwaki.

Kuna mashine nyingine ambayo hatuisifu vya kutosha kwa sababu haipendezi kwenye picha: mashine ya kukausha nafaka. Bodi ya nafaka inataka mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5. Ukivuna mvua ikiwa bado inanyesha, utayaanika wapi? Utayaanika barabarani, yanyeshewe tena, yaote ukungu. Na ukungu huo si mchezo. Mwaka 2004 sumu ya aflatoksini iliwaingia watu kwenye mahindi, hasa Makueni na Kitui. Wagonjwa walikuwa 317, na 125 kati yao wakafariki. Hawa waliuawa na chakula walichokipika jikoni kwao. Mashine ya kukausha haimfuti mtu kazi. Inaokoa mavuno, inaokoa bei, inaokoa maisha. Kama mimi ningekuwa gavana na bajeti yangu inatosha kitu kimoja tu, ningenunua hizo kabla ya trekta hata moja.

Kwa hivyo usije ukasema napinga mashine. Kilimo kinachangia takriban moja kwa tano ya pato la taifa moja kwa moja, na watu wengi wa mashambani wanakitegemea kula na kulipa karo. Haiwezekani tuendelee nacho kwa nguvu za mabega milele.

Kericho: hesabu ya kilo

Sasa twende upande wa pili.

Chai ilipandwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1903 kule Limuru. Mashamba makubwa ya Kericho yalianza miaka ya 1920, yakianzishwa na makampuni ya Waingereza, kwenye ardhi ambayo Wakipsigis na Watalai walifurushwa. Hiyo kesi ya ardhi haijaisha mpaka leo, na sitaimaliza hapa. Lakini huwezi kuelewa hasira ya Kericho bila kuijua. Kwa miaka mingi watu waliangalia ardhi ya babu zao ikiwa na mwenye mwingine, na angalau kitu kimoja kiliwafanya wavumilie: kazi ilikuwepo. Ukikosa karo ya kuendelea na shule, ungeenda kuchuna. Ukiolewa ukaachwa na watoto, ungeenda kuchuna. Haikuwa haki, lakini ilikuwa kama makubaliano fulani ambayo hayakuandikwa popote.

Shangazi yangu alichuna chai kwa kampuni moja kwa miaka kumi na tisa. Kama hujawahi kuona kazi hiyo, unachuna majani mawili na chipukizi, unarusha nyuma kwa kikapu, unasonga. Unalipwa kwa kilo. Mvua ikinyesha uko ndani, jua likiwaka uko ndani. Kwa kilo hizo alisomesha watoto watatu na akaezeka nyumba ya mabati kijijini Bomet. Halafu mashine zikaja. Hakuna siku ambayo aliitwa ofisini akaambiwa umefutwa kwa sababu ya mashine. Kazi yake ilikuwa ya msimu, na msimu mmoja jina lake halikusomwa. Wengi wametoka hivyo hivyo, kimya kimya, bila barua.

Sasa fuata pesa. Shangazi akilipwa, kwanza anamaliza deni la dukani. Mwenye duka analipa wa kumletea unga. Anapitia kwa mama mboga. Ananunua yunifomu kwa fundi wa pale senta. Jumapili anatoa kidogo kanisani, Jumatatu anapeleka chama, na chama kinamkopesha mwenzake anunue kuku. Shilingi ile ile imepita kwa mikono mitano au sita kabla haijatoka Kericho. Wachumi wana maneno yao marefu ya hii kitu, lakini mama yeyote wa kioski anaielewa bila kwenda chuo, maana ndiyo inamfungulia duka asubuhi.

Mashine haili sukuma wiki. Haikodi nyumba ya chumba kimoja. Haipeleki mtoto shule. Pesa iliyokuwa ikilipwa watu kumi na wengi zaidi inagawanywa upya: kuna ya aliyetengeneza mashine ng'ambo, kuna ya mafuta, kuna ya wachache wanaoiendesha, na inayobaki ni faida inayoelekea kwa wenye hisa. Wengi wa wenye hisa hawajawahi kununua nyanya Kapsoit.

Hii si hadithi ya juzi. Mwaka 2010 wafanyakazi wa mashamba ya chai waligoma kwa sababu ya mashine hizi hizi, chama chao kikiwa mbele. Baadaye jopokazi la kaunti ya Kericho likataja takriban nafasi 30,000 za kazi zilizopotea katika kaunti hiyo pekee kwa muda wa mwongo mmoja. Weka hiyo namba kichwani. Ukidhani kila mtu alikuwa akilisha wengine watatu tu nyumbani, unaongea kuhusu watu wa kujaza uwanja wa Kasarani na wengine wabaki nje.

Lakini tusiwe watu wa upande mmoja. Kampuni nazo zina hoja. Chai yetu inauzwa kwenye mnada wa Mombasa, na bei ya pale hupanda na kushuka bila kuuliza mshahara umepanda kiasi gani. Mbolea imepanda, stima imepanda. Ukiwa meneja na mashine inakuchunia kilo kwa gharama ndogo, utafanya nini?

Na sitaki turembeshe kazi ya kuchuna. Mapema 2023 uchunguzi wa BBC ulionyesha wanawake kwenye mashamba ya chai Kericho wakilazimishwa ngono na wasimamizi ili wapate kazi au waendelee nayo. Kazi ambayo mtu analipia kwa mwili wake haifai kuombolezewa kama ufalme uliopotea. Kama mashine ingemtoa yule mama kwenye mikono ya yule msimamizi na kumpeleka mahali pazuri zaidi, mimi ningekuwa wa kwanza kushangilia. Shida ni hiyo sehemu ya pili. Ilimtoa. Haikumpeleka popote.

Na kuchoma mashine nako hakujamrudishia mtu kazi. Kulichukua uhai wa mtu ambaye asubuhi alitoka nyumbani akiwa mzima. Mimi sipo hapo. Lakini ukitaka kuzuia moto wa kesho, lazima uelewe kuni zilitoka wapi.

Chicago yetu iko wapi?

Kuna jibu ambalo wasomi hupenda kunipa nikianza haya mambo. Wanasema: kijana, tulia, kila nchi tajiri ilipitia hapa. Watu walitoka shambani mashine zikaingia, wakaenda viwandani, mishahara ikapanda, nchi ikaendelea. Historia ndiyo hiyo.

Sawa, tuisome historia, lakini tuisome yote. Mwaka 1944, karibu na mji wa Clarksdale katika jimbo la Mississippi, Marekani, shamba la Hopson lilionyesha pamba iliyopandwa na kuvunwa kwa mashine mwanzo mpaka mwisho. Kabla ya hapo pamba ilitegemea mikono ya watu weusi waliolima mashamba ya wenyewe kwa mgao wa mavuno, na mgao huo mara nyingi ulikuwa wa kuwaacha na deni. Miaka iliyofuata, mashine zikazidi kuenea na watu wakahama kwa mamia ya maelfu kwenda kaskazini. Walikimbia ubaguzi, walikimbia deni, na shamba nalo lilikuwa limeacha kuwahitaji. Wengi walienda Chicago na Detroit. Na walipofika, kulikuwa na viwanda vya chuma, vya magari, vya nyama. Maisha yalikuwa magumu na ubaguzi uliwafuata huko huko, lakini mtu aliyetupwa na mashine Mississippi aliweza kupata kadi ya kazi mjini.

Sasa niambie, mtu aliyetupwa na mashine Kericho anaenda Chicago gani?

Viwanda vya Kenya vinachangia chini ya asilimia 8 ya pato la taifa. Mwaka 2017 serikali ilituahidi kwamba ikifika 2022 vitakuwa asilimia 15. 2022 ilikuja ikapita, na sehemu ya viwanda ilikuwa imepungua badala ya kuongezeka. Kwa hivyo kijana wa Kericho ananunua pikipiki kwa mkopo na kujiunga na wengine ishirini pale steji, wote wakingoja abiria mmoja. Dada yake anatafuta wakala wa kumpeleka Saudia kufanya kazi za nyumbani. Mwingine anakuja Nairobi kulala kwa binamu Kibera mpaka apate kitu. Hao wote wametoka shambani, ndiyo, na kwenye karatasi unaweza kusema kilimo kimekuwa cha kisasa. Lakini ukienda kuwauliza wao kama wameendelea, jitayarishe kwa jibu.

Hapo ndipo hesabu ya wasomi inapotea njia. Mashine hupunguza mikono shambani kwa haraka, kwa msimu mmoja au miwili. Kiwanda cha kuipokea mikono hiyo kinachukua miaka. Hapo katikati kuna watu, na watu hawawezi kuwekwa kwenye friji wangoje.

Kwa Kericho naona njia mbili ambazo hazihitaji miujiza. Ya kwanza ni kasi. Chama cha wafanyakazi na waajiri wanaweza kukubaliana kwamba mashine ziingie kadiri watu wanavyostaafu, na sehemu ya pesa inayookolewa iwekwe kwenye mfuko wa kuwafundisha na kuwapa mtaji wanaotoka. Anayetoka apewe notisi na aambiwe ukweli, asiachwe asikilize majina yakisomwa mpaka mwisho. Ya pili ni chai yenyewe. Kenya inaongoza duniani kwa kuuza nje chai nyeusi, lakini nyingi inatoka Mombasa ikiwa kwenye magunia makubwa, inachanganywa na kupakiwa nchi za watu, inarudi dukani ikiwa na jina la mtu mwingine. Kazi za kuchanganya, kupakia, kuchapisha pakiti na kuuza zingeweza kuwa hapa. Tunaondoa watu kwenye kuchuna na bado hatujachukua kazi za mbele zilizo zetu. Hapo tunapoteza pande zote mbili.

Huhitaji kununua trekta

Sasa turudi kwa wengi wetu, wale hatuna shamba la chai la kampuni wala ekari mia moja. Una nusu ekari, au ekari mbili kwa bahati. Ukiambiwa "nunua trekta" unacheka tu, kwa sababu bei ya trekta moja inazidi bei ya shamba lenyewe. Basi wengi tunaamua mashine ni za matajiri na tunarudi kwa jembe.

Angalia Bangladesh. Ni nchi ya wakulima wadogo kutushinda, na mashamba yao ni vipande vidogo kweli kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikumbwa na mafuriko na kimbunga, ng'ombe wengi wa kulimia wakafa. Serikali ikalegeza masharti ya kuingiza trekta ndogo za magurudumu mawili kutoka Uchina, zile unaziongoza ukitembea nyuma. Zilikuwa za bei nafuu na si imara sana, lakini fundi wa kijijini aliweza kuzifungua na kuzirudisha. Leo sehemu kubwa ya ardhi yao inalimwa kwa mashine, na wakulima wengi hawajawahi kumiliki hata moja. Mmoja kijijini ananunua, majirani wanamlipa awalimie. Pesa ya kulimiwa inabaki pale pale kwa jirani, na jirani anaitumia pale pale. Mafundi na wauzaji wa spea nao wakazuka. Mashine ndogo iliyo mikononi mwa mtu wa kijiji ilizaa kazi za kijiji.

Hapa kwetu kukodisha kupo, tena siku hizi mpaka kwa simu. Kuna kampuni kama Hello Tractor, iliyoanzia Nigeria mwaka 2014 na sasa inafanya kazi hapa Kenya pia, inayowaunganisha wenye matrekta na wakulima wanaoyahitaji. Wazo ni zuri. Lakini mkulima wa nusu ekari anajua kinachotokea mvua ikianza: dereva anamaliza kwanza wenye ekari ishirini, kwa sababu dizeli ya kuja mpaka kwako inamla faida. Wewe unalimiwa wa mwisho, mvua imeshakuacha.

Dawa yake ni ya kienyeji tu. Majirani kumi wenye mashamba yanayopakana waungane, walipe pamoja, waite trekta mara moja, ianze kwa huyu na imalizie kwa yule. Kwa dereva hiyo ni ekari kadhaa bila kuzunguka. Sisi tunajua kuchanga pesa za harusi, za matanga na za kumpeleka mtoto ng'ambo kusoma. Kuchanga pesa za plau hakuwezi kutushinda.

Na akina mama wasisahaulike. Wao ndio wanalima zaidi, lakini hati ya shamba mara nyingi iko kwa jina la mzee au la babu aliyekufa zamani. Ukienda benki kuomba mkopo wa mashine wanataka hati. Kwa hivyo mashine inanunuliwa na mwanaume ambaye huenda hajashika jembe tangu Krismasi, na mama anaendelea kupalilia kwa mkono. Sacco nyingi zinaweza kukopesha kwa kutumia mashine yenyewe kama dhamana, au dhamana ya kikundi. Hilo lingefungua mlango kwa haraka kuliko hotuba kumi za jukwaani.

Halafu kuna yale matrekta ya umma. Nimeona kwa macho yangu yadi ya kaunti moja, sitaitaja, trekta tatu zimesimama kwenye nyasi zimefika kiunoni. Moja haina magurudumu ya mbele. Nilipouliza nikaambiwa bajeti ya spea haijapita. Siku ya kuzizindua kulikuwa na hema, ngoma na mashati ya rangi moja. Siku ya kubadilisha filta hakuna aliyealikwa. Trekta kama hizo zingepewa kikundi cha vijana au Sacco kwa mkataba wa kulipa mdogo mdogo, zingekuwa shambani leo, kwa sababu mwenye deni halali. Na vyuo vyetu vya ufundi vingekuwa na kazi ya kufanya: kila kata iwe na makanika anayejua trekta, shela na mashine ya kukausha. Hiyo ni ajira ambayo hakuna mashine itakayoichukua hivi karibuni.

Hata kwenye chai, fikiria jinsi mambo yangekuwa tofauti kwa wakulima wadogo. Kuna zaidi ya 600,000 chini ya KTDA, na ndio wanaotoa zaidi ya nusu ya chai ya nchi hii. Viwanda vile ni vyao, wana hisa. Siku wakiamua kutumia mashine, na wakihakikisha ubora wa majani haushuki, kile kinachookolewa kitarudi kwao kwenye bonasi na kitatumika Bomet, Murang'a na Kisii. Mashine ni ile ile, chuma ni kile kile. Kinachobadilika ni mfuko ambao faida inaingia. Hata hapo kutakuwa na mchunaji wa kibarua anayepoteza kazi, na bado atahitaji kufikiriwa. Lakini angalau pesa iko karibu, anaweza kuifuata.

Maswali matatu kabla ya makofi

Kwa hivyo wakati mwingine mtu akisimama mbele yenu na kuzindua mashine, iwe ni gavana, kampuni au shirika la wafadhili, kabla hamjapiga makofi muulizeni mambo matatu.

Moja, hii mashine inafanya kazi iliyokosa watu, au inafanya kazi ya watu waliopo? Kama ni ya watu waliopo, hao watu wanaenda wapi, na nani amewaambia?

Mbili, ni ya nani, na pesa itakayookolewa italala wapi usiku? Kijijini, Nairobi, au kwenye akaunti ya nchi nyingine?

Tatu, ikiharibika, nani ataitengeneza, na spea inatoka wapi? Kama jibu ni "tutaleta mtaalamu," mjue mmeletewa pambo la kupigia picha.

Mjomba wangu akiulizwa hayo maswali kuhusu trekta anayokodi, ana majibu yote. Inalima wakati vibarua hawapatikani. Ni ya jirani yake, mtu wa kanisa moja naye. Ikiharibika inatengenezwa pale Moi's Bridge, saa nyingine kwa waya, lakini inatengenezwa. Shangazi yangu hakuna aliyewahi kumpa jibu hata moja. Sasa hivi anauza mboga kando ya barabara, na ananiambia biashara ni ngumu kwa sababu waliokuwa wateja wake walikuwa wachunaji wenzake.

Kwenu je? Ni mashine gani imeingia miaka ya karibuni, ni ya nani, na tangu ije, soko lenu limechangamka au limepoa? Niandikie. Nataka hasa nisikie kutoka kwa watu wa mpunga kule Mwea na wa miwa kule Mumias, kwa sababu nadhani mna hadithi ambazo Nairobi haijazisikia.